Ngamia wa Kitheka na Maji ya Slabu

"Ngamia haombi maji njiani. Na siku atakayoomba, mimi Kitheka nitaoga na hii suti mbele yenu nyote."

Hayo Kitheka aliyasema kwenye kipaza sauti, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba, katika harambee ya msikiti mpya wa Mugutha, upande wa Ruiru. Msikiti wenyewe wakati huo ulikuwa nguzo, mbao na nia njema, ukingoja slabu ya ghorofa ya kwanza imwagwe Jumamosi iliyofuata. Na Ngamia aliyekuwa akisifiwa hakuwa mnyama. Ni lori la maji, kuukuu, lenye tangi la lita elfu nane mgongoni na jina limeandikwa kifuani kwa rangi nyekundu na mtu ambaye herufi ya mwisho aliikosea nafasi, akaibana pale pembeni kama abiria aliyechelewa.

Kitheka si Mwislamu. Ni Mkristo wa Gatuanyaga, kule mashariki ya Thika ambako vumbi huamka kabla ya watu. Lakini harambee haimuulizi mtu dini, humuuliza mfuko, na asiye na mfuko huulizwa ulimi. Watu walikuwa wametoa saruji, wametoa kokoto, jogoo mmoja alikuwa ameuzwa mara tatu na bado yupo pale pale akishangaa. Ndipo Nzioka akasimama. Nzioka naye huuza maji, ana lori jipya la bluu ambalo mlango wake ukifungwa husikika kama mtu anayefunga kitabu. Akaahidi tripu moja ya maji ya slabu. Akapigiwa makofi.

Kitheka hakuweza kuvumilia makofi ya mtu mwingine. Akaenda mbele na suti yake ya kijivu aliyoshonewa kwa arusi ya mwanawe Muli, akakishika kipaza sauti, akaahidi tripu mbili, ya kwanza kabla ya saa moja asubuhi. Angeishia hapo angekuwa mtu mwenye heshima zake hadi leo. Lakini kipaza sauti kina ugonjwa wake: mtu akikishika, ulimi humwongezeka urefu. Ndiyo akafika kwa ngamia, akafika kwa suti, watu wakacheka, na mkewe Ndila aliyekuwa ameketi upande wa akina mama akaangalia chini kama mtu aliyedondosha sindano.

Mwenyekiti wa ujenzi alikuwa Mzee Waleed, karani mstaafu wa kiwanda kimoja cha Thika, mtu wa kanzu safi na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kungojea ya kwanza iishe. Yeye hakucheka. Aliandika.

Baadaye, pembeni, alimweleza Kitheka jambo lenyewe bila kuzungusha. Ujenzi ungechukua mwaka mzima, na kila siku ya ujenzi ni ya maji. Watu wa maji ni wawili, yeye na Nzioka. Atakayeaminika wiki hii ya slabu ndiye atakayepewa tenda mpaka mnara usimame. Kitheka akajibu kwamba hilo ni jambo limekwisha, mzee aweke tu kalamu chini. Lakini njiani kurudi nyumbani alikuwa akihesabu wateja waliobaki. Nzioka alikuwa amekwisha kumnyang'anya nusu ya ploti za Mugutha. Bila tenda ile, Ngamia angebaki kuuza maji kwa mtungi mmoja mmoja kama mama wa uji.

Inafaa mjue huyu bwana alitoka wapi, maana majivuno hayaoti hewani. Alianza utanboi, yaani utingo wa lori, akiwa na miaka kumi na saba, akilala juu ya magunia ya watu. Akawa dereva wa mchanga, akawa dereva wa mawe, akawa dereva wa mtu aliyekuwa akimwita "wewe". Mwaka wa 2010 shamba moja la maua lilipiga mnada vitu vyake vya zamani, na Kitheka akanunua lori ambalo lilikuwa limetengenezewa nchi ya baridi huko Ulaya, likaja huku kuzeeka kama wazungu wengine. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwita "wewe" tena. Aliitwa Mwenye Ngamia. Kwa hivyo mtu akigusa lori lile, alikuwa hagusi chuma.

Injini aliijua kwa sauti. Dashibodi aliijua kidogo kidogo. Kulikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha, kina alama ya bluu upande huu na nyekundu upande ule, ambacho Kitheka alikata kauli kwamba ni cha redio. Na kwa kuwa redio ilikuwa imeibwa kabla hajalinunua lori, kitufe hakikuwa na kazi. Alikizungusha mpaka mwisho wa nyekundu, kikakwama hapo, akakining'inizia mfuko wake wa ndizi. Miaka kumi na tano.

Jumatatu Ngamia alianza kazi ya kupeleka maji ya kujenga kabla ya slabu. Alitoka kisimani kwao Gatuanyaga vizuri, akavuka Thika vizuri, akaingia barabara kuu. Karibu na Juja sindano ya joto ikapanda. Kitheka akaigonga kwa kidole, kwa sababu kuna watu huamini sindano hupanda kwa uvivu wa kushuka. Ikapanda zaidi. Akasimama kando, akafungua boneti, akangoja rejeta ipoe, akaifungua. Ilikuwa tupu kama kanisa siku ya Jumanne.

Chini ya lori hakukuwa na tone hata moja. Na hapo ndipo shida ya mtu wa maji inapoanzia. Gari la mtu mwingine likivuja, lami humwambia. Lori la maji hudondoka kila mahali kila siku: bomba hudondoka, mfuniko hudondoka, mpira wa kushushia hudondoka. Hata kebini ilikuwa na maji. Upande wa abiria sakafu ilikuwa imeloa tangu mwezi wa nne, na Kitheka hakuona ajabu, maana muuza nyama hashangai akiona damu kwenye aproni. Sababu ya maji yale aliijua: ni Ndila. Alimwambia mara nyingi kwamba anaingia na viatu vya mvua, na ile miezi mvua ilipokatika akamwambia kwamba kuna watu miguu yao hutoa jasho kuliko wengine, si kosa lao. Ndila akaanza kusafiri na gunia la kuweka miguu. Kioo nacho kilikuwa kikijaa ukungu kwa ndani, lakini huo ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba Ruiru nzima imejaa ukungu. Nani angelaumu kioo?

Basi pale Juja Kitheka aliangalia huku na huku, akapanda mgongoni mwa Ngamia na debe, akachota maji kwenye tangi, akaijaza rejeta. Akajiambia kwamba Ngamia hakuomba. Amekunywa yake.

Mzee Waleed alikuwa na fimbo ya mbao iliyochorwa mistari, na kila lori likifika hakusema karibu kabla hajaitumbukiza kwenye tangi. Akaitoa, akaiangalia, akapima kwa vidole: pengo la vidole vinne shingoni mwa tangi. Akauliza kwa upole kama leo maji yalikuwa machache kisimani. Kitheka akasema barabara ina mashimo, maji humwagika. Ile barabara ina leni nane na lami kama sinia. Mzee akaiangalia barabara kwa mbali, akaandika.

Jioni, Gatuanyaga, ushauri ulikuwa wa bure na ulikuja wenyewe. Jirani yake Kimanzi huuza mbuzi, na kwa kuwa aliwahi kumiliki pikipiki kwa miezi minane alikuwa na maoni kuhusu malori. Alisema rejeta inavuja kwa ndani, mahali pasipoonekana, na dawa yake ni mayai matatu na vijiko vitano vya bizari. Yai linaiva, linaziba, bizari inakaza. Mjomba wake alienda hivyo mpaka Garissa. Kitheka aliuliza kama mjomba alirudi. Kimanzi akasema hilo ni jambo jingine.

Jumanne Ngamia alilala, Kitheka akimtia dawa. Jumatano alitoka akinukia.

Si kunukia kwa kawaida. Barabara nzima kutoka Makongeni ya Thika hadi Juja ilidhani kuna arusi. Ndani ya kebini harufu ilikuwa kali hadi Kitheka akasikia njaa saa mbili asubuhi, na alipofika Mugutha vibarua wawili waliacha sepetu, wakaja kuangalia nyuma ya lori kama kuna sufuria. Mzee Waleed akanusa mara moja, akiwa ameshika fimbo yake.

"Bwana Kitheka," akasema, "haya ni maji ya kujengea, ama ni mchuzi?"

Na fimbo ilionyesha vidole vitano. Kwa sababu njiani Ngamia alikuwa amekunywa tena, debe mbili. Mayai hayakuwa yameziba kitu. Safari hii mzee hakuuliza sababu. Alisema tu kwamba saruji ya Jumamosi ikianza kukorogwa haingoji mtu, na kwamba Nzioka amempigia simu kujua kama atahitajika kwa tripu zaidi. Hakusema alimjibu nini.

Alhamisi asubuhi Kitheka alimwendea fundi mmoja wa Makongeni anayesifika kwa kusikia ugonjwa wa gari kwa mbali. Alisikia kwa mbali kweli. Hakuinuka kitini. Alisema ni gasketi ya injini, injini ifunguliwe yote, siku kumi. Fundi huyo husema gasketi kwa kila gari linaloingia, na inasemekana aliwahi kuisema kwa gari lililokuwa na pancha. Lakini Kitheka hakuwa na moyo wa kucheka. Siku kumi kutoka Alhamisi haziishi kabla ya Jumamosi hata ukihesabu kwa hasira.

Mchana wa siku hiyo Ndila alipanda naye. Kikundi chao cha akina mama wa kanisa kilikuwa na mkutano Thika, na walikuwa wamekubaliana kuvaa viatu vyeupe, vipya, vya sare. Gunia lake la miguu alikuwa amelifua halijakauka. Akaketi upande wake, miguu kwenye sakafu, safari nzima akisikiliza mambo ya gasketi na barabara na wivu wa Nzioka. Alipoteremka penye mkutano na kuangalia chini, viatu havikuwa vyeupe. Kuanzia soli hadi juu ya vidole vilikuwa manjano, manjano ya kuvutia kabisa, ya sherehe. Wenzake wakaangalia vyake, kisha wakaangalia vyao.

Hakumpigia mumewe simu. Alivifunga viatu kwenye gazeti, akarudi na patipati za mpira za kuazima, na nyumbani jioni akauliza jambo moja tu: kama fundi wa gasketi alifungua boneti. Kitheka alipokiri kwamba hakufungua, Ndila akasema kesho watakwenda kwa Tausi.

Tausi alikuwa fundi wa rejeta, pale Thika upande wa wauza spea. Babake, Salehe, alikuwa fundi wa rejeta miaka thelathini, na alipokufa aliacha kibanda, tanuri la kuchomelea, na binti aliyekuwa akimshikia koleo tangu darasa la nne. Watu wa Thika walimjua. Watu kama Kitheka walipita mbele ya kibanda chake kila siku wakitafuta fundi. Ijumaa asubuhi Kitheka alishuka, akamwona mwanamke wa ovaroli na kitambaa cha kichwa akisugua kitu, akamwomba amwitie fundi.

"Nimekuja," Tausi akasema, bila kuacha kusugua.

Kitheka akamweleza ni gasketi. Tausi akamuuliza nani alisema. Akamuuliza kama maji hupungua lori likiwa limesimama ama likitembea, kama kuna moshi mweupe nyuma, kama aliangalia oili.

"Niliangalia."

"Ilikuwa rangi gani, mzee?"

"Rangi ya oili."

Tausi akachomoa kijiti cha kupimia, akamwonyesha. Gasketi ikiungua, alisema, maji na oili huoana, hutoka kama chai ya maziwa. Hii ni strungi, haina maziwa. Kwa hivyo injini ifungwe kwa amani. Halafu akafungua rejeta, akatazama ndani. Akaingiza kidole, akatoa kipande cha yai kilichoiva vizuri. Akakiweka juu ya ukingo wa chuma, taratibu, kama shahidi anayeketishwa. Kitheka akawa na haja kubwa ya kuangalia magari yanayopita.

Kisha akafunga mdomo wa rejeta kwa kifuniko alichokichomelea mwenyewe, chenye valvu ya baiskeli katikati na sindano ya kupimia upepo pembeni, akapiga pampu. Upepo ukisukuma maji, penye tundu maji hujitaja. Sindano ya kifuniko ikapanda, ikakaa, halafu ikaanza kushuka polepole, polepole, kama mtu anayeondoka kwenye mkutano bila kutaka kuonekana. Tundu lipo basi. Tausi akalala chini ya lori juu ya katoni. Kavu. Akapapasa kila mpira. Kavu. Akatoka, akajipangusa.

"Hayatoki chini," akasema. "Hayako kwa moshi, hayako kwa oili. Na mbinguni hayaendi, mzee, huko wana yao."

Kitheka akaona nafasi ya kuokoa jina la Ngamia. Akasema labda hakuna kuvuja kabisa, labda ni jua. Ndila, ambaye muda wote alikuwa amesimama kando na mkoba wake, akafungua gazeti, akaviweka viatu juu ya bampa, kimoja kimoja.

"Baba Muli," akasema, "toka mwezi wa nne unaniambia miguu yangu inatoa jasho. Sawa. Hili jasho la bizari nimelitoa wapi?"

Tausi akachukua kiatu kimoja, akakinusa. Akakigeuza, akakinusa tena. Akamtazama Kitheka.

"Ulitia vijiko vingapi?"

"Vitano," Kitheka akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu wa kijiko kimoja.

Hapo Tausi akacheka mpaka akashika bampa. Alieleza kwamba kwenye gereji za wenye pesa kuna rangi maalum, hutiwa kwenye maji ya injini ili pale yanapotokea paonekane. Mzee ametumia ya pilau, na imefanya kazi barabara. Kuziba tu ndiko kulikoishinda. Bizari ilitiwa kwenye rejeta, bizari imetokea miguuni kwa mama: basi maji ya injini yanaingia kebini. Kila mtu alisikia harufu isipokuwa mwenye kuipika.

Akaingia upande wa abiria, akatoa ndizi kwenye kitufe, akafungua kibao cha chini ya dashibodi. Ndani mlikuwa na kitu kama rejeta ndogo, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, kimefunikwa ukoko mweupe, ukijani wa shaba iliyoota kutu, na manjano mbichi ya juzi. Tone likaning'inia kwenye kona, likaanguka pale pale ambapo Ndila alikuwa akiweka miguu.

Kitheka akainama, akaangalia kitu ambacho kilikuwa kimeishi ndani ya lori lake miaka kumi na tano bila kujulishwa.

"Hiyo ni nini?"

"Hita."

"Ya nini?"

"Ya kukupasha joto, mzee. Wakati wa baridi. Hiki kitufe ndicho chake, na wewe umekiacha wazi bila kuwasha feni yake."

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, ukungu haujainuka, na Kitheka alikuwa amevaa sweta mbili na koti. Kwa miaka kumi na tano, kila Julai, alikuwa ametoka nyumbani alfajiri amefungwa shuka kiunoni, meno yakigongana kutoka Thika hadi Ruiru, akiwaambia watu kwamba udereva ni kazi ya wanaume. Ndila alikuwa akihesabu shuka.

Tausi alitaka kujua rejeta hujazwa maji gani. Ya kisimani, Kitheka akasema, ya tangi, ni yake, kwa nini anunue. Maji yale, mtu akiyachemsha wiki moja, sufuria hubaki nyeupe kama imepakwa chokaa. Tausi akamwambia hicho kilichoko kwenye sufuria ndicho kimekula hita. Injini inataka maji safi na ile dawa ya kijani ya rejeta, na mwenye tangi la lita elfu nane ndiye mtu wa mwisho kuamini kwamba kuna maji ya kununua.

Kulikuwa na njia mbili. Kutafuta hita nyingine ya lori la umri ule na kuing'oa dashibodi yote, siku mbili zikienda vizuri. Ama kuiacha hita nje ya safari. Mipira miwili hutoka kwenye injini na kupenya ukuta wa kebini, mmoja unapeleka maji kwa hita, mwingine unayarudisha. Yote miwili ingetolewa, na mahali pake ungewekwa mpira mmoja uliokunjwa, maji yatoke injini na kurudi injini bila kuingia kwa watu.

"Yalikuwa yanaenda kutembea kwa mama," Tausi akasema. "Tunafunga mlango, yanarudi nyumbani."

Kitheka akauliza ipi ni ya haraka. Ya mpira ilichukua saa moja na nusu, na muda mwingi ulikuwa wa kuosha mayai. Tausi alisukuma maji safi kupitia rejeta mpaka yakaacha kutoka kama uji wa mgonjwa, akatia mpira, akakaza klipu, akamimina dawa ya kijani. Akapiga pampu tena. Sindano ikapanda ikakaa, ikakaa, Kitheka akiikodolea macho kama mtu anayengojea matokeo ya mtihani wa mtoto wa kwanza. Haikushuka. Alipoambiwa bei ya mpira aliilipa upesi, akitazama kando, maana ugonjwa wa wiki nzima ukitibiwa kwa kitu cha futi tatu mgonjwa huona aibu.

Jumamosi tripu ya kwanza iliingia Mugutha saa kumi na mbili na dakika arobaini. Ya pili saa tatu. Sindano ya joto haikuinuka hata mara moja, ilikaa chini ya nusu kama ng'ombe aliyeshiba. Fimbo ya Mzee Waleed iliingia, ikatoka imeloa mpaka mstari wa juu, mara zote mbili. Zege ikakorogwa, ndoo zikapanda, na saa nane slabu ilikuwa imelala pale juu, kijivu, laini, bila mshono. Kitheka akaenda nyuma ya lori akavaa suti. Alijua kungekuwa na shukrani.

Kulikuwa na pilau kwanza. Aliikataa.

Halafu Mzee Waleed akafungua daftari na kusoma ahadi za harambee, moja moja, kila mtu na lake. Saruji, imetimizwa. Kokoto, imetimizwa. Jogoo, imetimizwa mara tatu. Nzioka, maji tripu moja, imetimizwa.

"Bwana Kitheka wa Gatuanyaga. Maji, tripu mbili: imetimizwa. Kuoga na suti: bado."

Watu wakacheka, na Kitheka akacheka nao, akingoja waache. Wakaacha. Mzee hakuwa amefunga daftari. Kitheka akasimama kueleza kwamba ahadi ile ilikuwa na sharti, Ngamia aombe maji njiani, na Ngamia hakuomba mtu yeyote. Kama kuna siku alisikia kiu alikunywa ya mgongoni mwake.

"Ya mgongoni yalikuwa ya msikiti," Nzioka akasema kutoka nyuma, akitafuna.

Mtu mmoja akapendekeza Ndila aulizwe. Ndila alikuwa amevaa vile viatu, kwa makusudi, manjano chini ya gauni la bluu. Akasema yeye hana neno, viatu ndivyo vilivyokuwa safarini.

Mzee Waleed akainua mkono, watu wakatulia. Hakuwa na hasira.

"Mimi sitafuti mtu wa kuoga," akasema. "Natafuta mtu wa kuniletea maji mwaka mzima, na nikimuuliza tangi limepungua kwa nini, asiniambie ni mashimo."

Lori la bluu lilikuwa limeegeshwa pale mlangoni, safi, mlango wake ukingoja kufungwa kama kitabu. Kitheka akaliangalia. Akamtazama na Ngamia naye, akaona herufi ile ya mwisho iliyobanwa pembeni. Angeweza kupanda na kuondoka na suti kavu. Alijikuta anasema, bila kipaza sauti, kwa sauti ambayo wengine walilazimika kuinama kuisikia, kwamba Jumatatu Ngamia aliomba. Jumatano aliomba mara mbili. Jumla ni debe tatu, na zilikuwa za msikiti, na atazileta. Na kwamba miguu ya Mama Muli haina jasho.

Akavua viatu, akaviweka mahali pakavu. Suti hakuivua. Akaenda nyuma ya tangi ambamo mlikuwa mmebaki maji kidogo, akasimama chini ya bomba la inchi mbili, akafumba macho. Hakuna aliyepiga makofi. Ndila ndiye aliyefungua koki, na inasemekana hakuwa na haraka ya kuifunga.

Mzee Waleed akaandika, akapuliza wino. Kisha akasema Jumatatu, saa moja, tripu moja ya kunyeshea slabu isipasuke, na Bwana Kitheka asichelewe.

Walirudi jioni ukungu ukiwa umeshuka. Kabla ya kufika Juja meno ya Kitheka yalikuwa yamekwisha kuanza wimbo wake wa kila Julai. Ndila akamfunika shuka mabegani, yeye mwenyewe miguu yake ikiwa imekauka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Kitheka akanyoosha mkono gizani, akakipapasa kitufe, bado kiko kwenye nyekundu. Akajaribu kukizungusha kidogo hata hivyo.

Gharama ya mwisho ya ahadi ile, kuosha suti kwa mashine, koti na suruali, pale Thika: shilingi mia tano na hamsini.